Niamkolo: Kanisa la mawe lililozaliwa na njia ya biashara

Mfanyabiashara anayeshuka bandari ya Mpulungu, Zambia, akitokea Kigoma, Kasanga au Bujumbura, huwa na haraka. Kuna mzigo wa kuhesabu, kuna forodha, kuna gari la kuwahi kwenda Mbala. Ni wachache wanaojua kwamba jirani na bandari hiyo, kando ya Ziwa Tanganyika, zimesimama kuta nene za mawe zisizo na paa, pamoja na mnara wake wa mraba.

Hilo ni Kanisa la Niamkolo, lililokamilika mwaka 1896. Ndilo jengo la kanisa la mawe la zamani zaidi lililobaki nchini Zambia, na linalindwa kama mnara wa taifa. Historia yake, hata hivyo, haiishii Zambia. Ilianzia pwani ya Tanzania, ikapitia Mpwapwa na Ujiji, na iliongozwa na swali ambalo kila mfanyabiashara analijua: mzigo utafikaje?

Ng'ombe waliokufa njiani

Mwaka 1877 wamisionari wa London Missionary Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1795, waliondoka pwani kuelekea Ujiji. Tajiri mmoja wa Leeds, Robert Arthington, alikuwa ametoa pauni 5,000 ili misheni ifunguliwe Ziwa Tanganyika. Mmoja wao, Roger Price, alikuwa amezoea magari ya kukokotwa na ng'ombe kusini mwa Afrika. Aliamini yangeondoa gharama ya wapagazi kati ya Saadani na Mpwapwa.

Mbung'o waliua ng'ombe hao. Mizigo ikarudi mabegani mwa wapagazi, na kundi la kwanza likafika Ujiji Agosti 1878. Mwezi uliofuata kiongozi wake, J. B. Thomson, alifariki dunia. Baharia wa msafara, Edward Hore, alibaki akipima kina na pwani za ziwa.

Njia ya kusini ndiyo iliyobadilisha mambo. Vipande vya meli ya mvuke ya misheni, Good News, vilipandishwa kupitia mito ya Zambezi na Shire, vikavuka Ziwa Nyasa, kisha vikabebwa nchi kavu hadi Ziwa Tanganyika. Meli ikaingia majini mwaka 1885. Tangu hapo kitovu cha misheni kilihamia taratibu ncha ya kusini ya ziwa, katika nchi ya Walungu. Kwa hiyo Niamkolo ilikuwa bandari kwanza, kanisa likafuata.

Kanisa na darasa

Waliojenga hapo walikuwa Wakristo waliojitenga na Kanisa la Anglikana, ambalo ndilo kanisa rasmi la taifa Uingereza. Kwao hakuna askofu wa kuamrisha. Kila usharika hujiendesha. Kwao watu wa namna yao waliwekewa vikwazo katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge hadi mwaka 1871, kwa hiyo elimu waliithamini sana. Isitoshe, waliamini kila muumini lazima ajisomee Biblia mwenyewe. Ndiyo maana popote walipojenga kanisa walifungua na shule.

Imani hiyo inaonekana pia katika majengo yao. Mapokeo yao hayapendi mapambo wala sanamu. Wanachohitaji ni ukumbi mmoja ambamo watu wote wanasikia neno. Niamkolo ni hivyo: umbo la mstatili, kuta za mawe zilizobeba uzito wote, na mnara ambao ndio fahari yake pekee.

Ujenzi ulisimamiwa na Adam Purves, fundi wa misheni, pamoja na James Hemans. Hemans anastahili kukumbukwa zaidi ya anavyokumbukwa. Alikuwa mwalimu mweusi kutoka Jamaika, kisiwa ambacho utumwa ulikomeshwa katika miaka ya 1830. Alifika eneo hili mwaka 1888, wakati misafara ya watumwa ilikuwa bado inapita, na baadhi ya waliokimbia misafara hiyo walikuja kuishi chini ya ulinzi wa misheni.

Na waliochonga na kubeba mawe? Hao walikuwa wenyeji. Ujira wa siku zile katika nchi hizi haukuwa sarafu bali nguo: merikani na kaniki, zikipimwa kwa mkono. Majina ya mafundi hao hayakuandikwa ukutani.

Mbung'o tena

Kanisa lilitumika kwa miaka 12 tu. Ugonjwa wa malale ulipoenea kando ya ziwa, watu waliondolewa pwani, na mwaka 1908 misheni ikahamwa. Jengo likaungua, zikabaki kuta. Mdudu anayeeneza malale ni mbung'o, yule yule aliyeua ng'ombe wa Price miaka 31 kabla.

Usharika wenyewe haukufa. Mwaka 1965 makanisa yaliyotokana na misheni hiyo yaliungana na mengine kuunda United Church of Zambia.

Orodha zinazoishia mpakani

Leo kuta hizo ziko chini ya tume ya taifa ya uhifadhi wa urithi ya Zambia. Tanzania nayo, mwaka 2006, iliweka Njia Kuu ya Misafara ya Watumwa na Pembe kwenye orodha yake ya awali ya urithi wa dunia. Njia hiyo huanzia Bagamoyo, hupita Mpwapwa na kuishia Ujiji.

Hapo ndipo kasoro ilipo. Msafara haukuishia Ujiji. Ulipanda mtumbwi, ukashuka kusini hadi Niamkolo. Orodha za serikali zinasimama mpakani, wakati historia ilivuka, kama mzigo wa dagaa unavyovuka hadi leo. Nchi zinazozungumzia soko la pamoja zingeweza pia kuwa na kibao kimoja, kwa Kiswahili, kinachosomeka Ujiji na Mpulungu.

Wakati kibao hicho kinasubiriwa, meli ikichelewa kupakia, saa moja inatosha kwenda kuziona kuta hizo. Usiondoke na jiwe wala usichore jina lako. Waliozijenga hawakuandika yao.