Lenzi za Macho: Jicho Lipimwe Kwanza, Pesa Itolewe Baadaye

Msimu wa harusi na mahafali unapokaribia, lenzi za macho huonekana kwenye kabati za kioo za maduka ya vipodozi, kando ya kucha bandia na kope za kubandika. Mnunuzi huchagua rangi, hulipa kwa simu na kuondoka. Hakuna aliyemtazama jicho.

Lenzi si kope. Ni kifaa cha matibabu kinachokaa juu ya kiungo kilicho hai, na sharti hilo halibadiliki hata kama mvaaji anatafuta rangi tu na hana shida ya kuona. Ikichaguliwa na kutunzwa vizuri, lenzi humwezesha mtu kusoma, kucheza mpira na kufanya kazi bila miwani. Ikitumiwa vibaya, inaweza kuleta kidonda kinachoacha kovu, na kovu hilo haliondolewi na miwani ya aina yoyote.

Jicho linahitaji hewa

Sehemu ya mbele ya jicho, iliyo angavu kama kioo cha saa, huitwa konea. Ili iendelee kuwa angavu, konea haina mishipa ya damu. Oksijeni yake hutoka moja kwa moja kwenye hewa, kupitia machozi. Lenzi inapowekwa juu yake, hewa inapaswa kupita kwenye lenzi kwanza.

Ndiyo maana kulala na lenzi ni hatari. Kope zikifungwa, hewa hupungua. Lenzi ikiwa ndani, hupungua zaidi. Konea huvimba kidogo, ngozi yake ya juu hudhoofika, na vijidudu hupata mahali pa kuingilia. Kulala na lenzi huongeza mara kadhaa uwezekano wa kupata maambukizi, hata kwa usiku mmoja baada ya sherehe.

Vipimo vya miwani havitoshi

Baadhi ya watu huenda dukani na karatasi ya vipimo vya miwani wakiamini inatosha. Haitoshi. Miwani hukaa mbali kidogo na jicho, lenzi hukaa juu yake, na tofauti hiyo hubadilisha nguvu inayohitajika. Mtu asiyeona mbali ambaye miwani yake ni -6.00 huhitaji lenzi ya takriban -5.50.

Zaidi ya nguvu, lenzi ina umbo. Kwenye boksi, herufi BC huonyesha mbonyeo wa lenzi na DIA huonyesha upana wake, vyote kwa milimita. Kwa mfano 8.6 na 14.2. Lenzi inayobana huzuia machozi kupita chini yake. Iliyolegea huteleza na kukwaruza. Mtaalamu hupima mbonyeo wa konea, huangalia kama macho yana machozi ya kutosha, hukagua kope, kisha huweka lenzi ya majaribio na kutazama kwa darubini jinsi inavyokaa. Baada ya hapo humfundisha mvaaji kuiweka na kuitoa mwenyewe. Asiyeweza kuitoa bado hajawa tayari kwenda nayo nyumbani.

Lenzi za rangi zisizo na nguvu hupitia hatua hizo hizo. Konea haijui kama lenzi imevaliwa kwa ajili ya kuona au kwa ajili ya picha.

Aina zilizopo

Lenzi nyingi siku hizi ni laini. Zilianza kutengenezwa mwaka 1961 na mwanakemia Otto Wichterle wa Chekoslovakia, kwa plastiki inayonyonya maji. Zipo za kuvaliwa siku moja na kutupwa, za wiki mbili na za mwezi mmoja. Lenzi ya mwezi huhesabiwa kuanzia siku pakiti ilipofunguliwa, wala si kwa idadi ya siku ilizovaliwa. Iliyofunguliwa tarehe 1 hutupwa mwisho wa mwezi, hata kama ilivaliwa Jumapili tu.

Zipo pia lenzi ngumu zinazopitisha hewa. Hizi huwafaa hasa watu ambao konea yao imechongoka kama pia, hali inayowapata baadhi ya vijana waliosumbuliwa na mzio na kufikicha macho kwa miaka mingi. Kwao miwani huenda isisaidie vya kutosha, na lenzi ngumu inaweza kuwarudishia uwezo wa kusoma ubaoni.

Hesabu kamili ya gharama

Bei ya lenzi ni sehemu tu ya gharama. Mvaaji wa lenzi za siku moja huhitaji lenzi 60 kwa mwezi wa siku 30, yaani boksi mbili za lenzi 30, moja kwa kila jicho. Hahitaji dawa ya kusafishia. Mvaaji wa lenzi za mwezi hununua lenzi mbili tu, lakini lazima awe na dawa ya kusafishia kila siku na kikasha cha kuhifadhia, ambacho hubadilishwa angalau kila miezi mitatu. Juu ya hayo kuna ada ya kupimwa na miwani ya akiba, kwa kuwa kuna siku jicho litahitaji kupumzika.

Asiyemudu hesabu hiyo yote kwa mwaka mzima ni afadhali anunue miwani nzuri. Anayerefusha lenzi ya mwezi mmoja hadi miezi mitatu, au anayeongeza dawa mpya juu ya ile ya jana, anaokoa pesa kidogo na kuhatarisha jicho.

Wakati wa kununua, mnunuzi anapaswa kuhakikisha kuwa boksi halijafunguliwa, lina jina la mtengenezaji, nguvu, BC, DIA na tarehe ya mwisho ya kutumika, na kwamba namba hizo zinalingana na karatasi ya vipimo vya lenzi. Lenzi zinazouzwa zikiwa zimetolewa kwenye pakiti, au zilizowahi kuvaliwa na mtu mwingine, hazifai kabisa. Lenzi haziazimwi, hata kati ya dada na dada kwa picha moja.

Lenzi na maji havikutani

Kakamega imebarikiwa kwa mvua na chemchemi, na familia nyingi hutumia maji ya matangi, visima, mito au bomba. Maji yanayofaa kunywa hayafai kugusa lenzi. Ndani yake kunaweza kuwa na ameba iitwayo akanthamoeba, ambayo hujifunika ganda gumu lisilouawa na klorini ya kiwango cha maji ya kunywa. Mtu akiinywa, kwa kawaida haimdhuru. Ikinaswa kati ya lenzi na konea, huleta maumivu makali na maambukizi yanayochukua miezi kutibiwa.

Maji yaliyochemshwa nayo si suluhisho, kwa sababu hupata vijidudu tena yanapopoa na kumiminwa. Maji ya chumvi ya kutengeneza nyumbani na mate ni hatari vilevile. Hata maji ya chumvi ya dukani husuuza tu, hayaui vijidudu. Kinachotakiwa ni dawa iliyotengenezwa kwa lenzi. Kabla ya kuoga, kuogelea au kuosha uso, lenzi hutolewa.

Utaratibu wa kila siku ni mfupi. Mikono huoshwa kwa sabuni na kukaushwa kabisa kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Lenzi huwekwa kabla ya kujipodoa, na hutolewa kabla ya kuondoa vipodozi. Ikitolewa, husuguliwa taratibu kwa kidole kwenye kiganja kwa dawa yake, husuuzwa kwa dawa hiyo, na kulazwa katika dawa mpya. Dawa ya zamani humwagwa. Kikasha husuuzwa kwa dawa, si kwa maji, kisha huachwa wazi kikauke.

Kazi na mazingira

Si kila mtu anafaa kuvaa lenzi kila siku. Mkulima wa miwa hupigwa machoni na majani yenye makali, na jeraha la mmea linaweza kuingiza kuvu kwenye konea. Fundi wa kuchomelea, mchimbaji wa dhahabu na mvunja kokoto hukabiliwa na cheche na vumbi. Lenzi haimkingi yeyote kati yao. Kinachomkinga ni miwani ya kazi. Mhudumu wa bodaboda anayevaa lenzi anahitaji kufunga kioo cha helmeti, kwa sababu upepo hukausha lenzi na vumbi huingia chini yake.

Mwanafunzi wa shule ya bweni anaweza kuvaa lenzi iwapo ana mahali safi pa kunawia, dawa ya kutosha hadi muhula uishe, na nidhamu ya kuzitoa kila usiku. Bila hayo, miwani inamfaa zaidi. Mwenye macho mekundu, chunusi ya kope au mzio uliopamba moto husubiri hadi apone.

Dalili zisizosubiri asubuhi

Maumivu, wekundu, kuumizwa na mwanga, machozi mengi, usaha, doa jeupe kwenye jicho au kuona ukungu ni dalili za hatari kwa anayevaa lenzi. Hatua ya kwanza ni kutoa lenzi. Hatua ya pili ni kwenda kuonwa siku hiyo hiyo, akiwa amebeba lenzi na kikasha chake, kwa kuwa vinaweza kupimwa kujua ni kijidudu gani.

Matone yaliyobaki nyumbani yasitumiwe. Baadhi yana steroidi, ambazo hupunguza wekundu na kumpa mgonjwa matumaini huku maambukizi yakienea ndani. Maziwa ya mama, mitishamba na chai navyo huongeza vijidudu kwenye kidonda.

Mahali pa kuanzia

Mkazi anayetaka lenzi, au mwenye shida yoyote ya kuona, anaweza kuanzia kituo cha afya kilicho karibu naye na kuomba rufaa ya kwenda kliniki ya macho, ikiwemo ile ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko mjini Kakamega. Hospitali ya Macho ya Sabatia, katika kaunti jirani ya Vihiga, pia huhudumia wagonjwa kutoka eneo hili. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichoko hapa Kakamega, hufunza wataalamu wa kupima macho, kwa hivyo si taaluma ya kufuatwa Nairobi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi anaweza kumuuliza muuzaji maswali matatu: nani atapima jicho, nani atafundisha kuweka na kutoa lenzi, na nani ataliona jicho likianza kuuma. Muuzaji asiye na jibu kwa maswali hayo hastahili kuuza lenzi.