Reli, Matatu na Boti: Msamiati wa Safari ya Siku Moja kutoka Eastlands hadi Ziwa Naivasha

Utangulizi

Nchini Norway, msafiri huweza kupanda treni, basi na boti kwa siku moja akapita katika fyodi, yaani mikono myembamba ya bahari iliyochongwa na barafu baina ya milima mirefu. Reli ya Flåm pekee, yenye urefu wa kilomita 20 hivi, huteremka zaidi ya mita 860 hadi ukingoni mwa maji. Kenya haina fyodi. Hata hivyo, mkazi wa mitaa ya Eastlands, Nairobi, anaweza kufanya safari inayokaribiana na hiyo: treni hadi Bonde la Ufa, matatu hadi Naivasha, kisha boti ziwani. Makala hii inaieleza safari hiyo kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba msamiati hufuata matumizi: mahali wasemaji wanapofika kila siku, maneno huzaliwa, wasipofika, maneno hubaki kamusini.

Reli

Eastlands na reli ni ndugu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na baadaye mitaa ya Muthurwa na Makongeni ikajengwa iwe makazi ya wafanyakazi wake. Kwa wakazi hao, treni ilikuwa kazi kabla ya kuwa matembezi. Msafiri wa leo huweza kuanzia stesheni ya Makadara hadi Syokimau, iliko stesheni kuu ya reli mpya ya SGR. Sehemu ya reli hiyo iendayo Suswa, yenye urefu wa kilomita 120, ilifunguliwa Oktoba 2019. Hupitia Ongata Rongai na Ngong, huingia katika handaki la takriban kilomita 4.5, kisha hutokea bondeni kuelekea Mai Mahiu. Ratiba za abiria hubadilika, hivyo ni vyema kuulizia mapema.

Msamiati wa reli una historia yake. Katika 'gari la moshi', 'gari' limetoka Kihindi na 'moshi' ni la Kibantu. Injini za mvuke zilizolizaa jina hilo zimeondoka, jina limebaki. Aidha, 'Bonde la Ufa' ni istilahi inayofundisha: ardhi ilipasuka na kutanuka, sehemu ya kati ikadidimia. Anayejua methali ya ufa na ukuta hahitaji maelezo marefu ya jiografia.

Matatu

Mai Mahiu, jina la Kikikuyu lenye maana ya 'maji moto', ndipo msafiri anaposhuka na kuingia katika matatu ya kwenda Naivasha, akiupita mlima Longonot wenye kimo cha mita 2,776. Neno 'matatu' huelezwa kuwa lilitokana na nauli ya zamani ya sarafu tatu za senti kumi. Vyombo hivyo viliruhusiwa kuhudumu bila leseni ya uchukuzi mwaka 1973, na tangu hapo vimezaa msamiati usiokauka: makanga, dere, kamagera, nganya. Mwana wa Eastlands hafundishwi maneno haya. Huyapata kituoni, kwa kuwa huhitaji kufika kazini na kurudi nyumbani.

Boti

Ziwa Naivasha ni la maji matamu japokuwa halina mto unaotoka humo. Maji yake hupenya chini ya ardhi. Jina lake limetokana na neno la Kimaasai, Nai'posha, lenye maana ya maji yanayochafuka. Msafiri huvaa jaketi ya kuokoa maisha, akatazama viboko, mafunjo, mnandi, mwari na tai mla samaki.

Hapa ndipo msamiati humpungukia. Mwanafunzi wa Nairobi amekwisha kukariri methali 'Kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani', lakini akiulizwa tezi ni ipi, hubabaika. Ndani ya boti jibu liko mbele ya macho: omo ni sehemu ya mbele ya chombo, tezi ni ya nyuma, na ngama ni pale chini yanapokusanyika maji yaliyoingia chomboni. Maneno haya yalikuzwa na mabaharia wa pwani, mamia ya kilomita kutoka Naivasha, lakini hutoshea chombo chochote kieleacho.

Hitimisho

Mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili cha bara ni maskini wa maneno ya mandhari. Safari hii inaonyesha kwamba maneno yapo; kinachokosekana ni fursa ya kuyatumia. Kijana anayelijua ziwa kwa picha tu atasoma mashairi ya bahari kama mtu anayesoma ramani ya nchi ngeni. Kwa hiyo, vyama vya Kiswahili vinapopanga ziara, visingoje fedha za kwenda Lamu. Vianzie Makadara, na kila mwanachama abebe daftari la kuandikia majina ya vitu anavyoviona.