Bibi Ana Miaka Mingapi Hasa?

Wengi wetu hapa chamani tumeshaitwa na wazee wa jamaa kwenda hospitali kuwatafsiria. Kabla ya upasuaji, daktari wa usingizi huuliza mambo ambayo wazee huyaona ya umbea: una kilo ngapi, urefu gani, umri gani, unakunywa pombe?

Anapiga hesabu ya dawa. Propofol, ile nyeupe kama maziwa inayopitishwa mshipani, ilianza kutumika hapa Uingereza mwaka 1986. Kijana mwenye afya hulala kwa miligramu 1.5 hadi 2.5 kwa kila kilo ya uzito wake. Mzee hutosheka na 1 hadi 1.5. Chukua watu wawili wa kilo 70. Kijana, kwa miligramu 2, anapewa 140. Mzee, kwa 1, anapewa 70. Uzito mmoja, dozi nusu. Mzee akipewa ya kijana, presha inaweza kuporomoka vibaya. Na mnywaji wa kila siku huhitaji zaidi ya wengine, ila nani atakiri pombe mbele ya mjukuu wake? Hapo ni heri kuomba mkalimani wa hospitali mapema, sisi tusubiri nje.

Siku hizi dawa husukumwa na pampu zenye kompyuta, zilizoingia sokoni mwaka 1996. Propofol hutoka upesi ubongoni kwenda kwenye misuli na mafuta, kwa hiyo pampu hukadiria iliyobaki na kuongeza kidogo kidogo. Kanuni moja inayotumiwa humo, ya Schnider, hudai uzito, urefu, jinsia na umri.

Umri sasa! Wazee wangapi tunaowajua wamezaliwa "tarehe 1 Januari"? Pasipoti ya bibi inasema 1963, naye anakusimulia Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 alivyoyaona akiwa mwari. Hataki kusema, anaogopa karatasi zake za uhamiaji. Lakini daktari hahitaji cheti kipya. Yatosha kumwambia kwamba umri huo si wa uhakika na huenda ni mkubwa zaidi. Yeye haitegemei pampu peke yake: hutoa dawa polepole, akiangalia presha, pumzi, na mara nyingine mawimbi ya ubongo. Akijua mapema, ataanza na kidogo.

Kilo hazina taabu. Mizani ipo pale pale, avue tu koti la baridi.