Tarakilishi kuukuu: Je, ni busara kubadilisha prosesa?

WAMILIKI wengi wa tarakilishi kuukuu wamejipata kwenye njia panda tangu Oktoba 14, 2025, siku ambayo kampuni ya Microsoft ilihitimisha rasmi huduma zake za kawaida kwa mfumo wa Windows 10. Windows 11, uliozinduliwa mwaka wa 2021, huhitaji prosesa za hivi karibuni. Kwa zile za Intel, aghalabu kuanzia kizazi cha nane. Je, yafaa kununua prosesa nyingine, au ni kutia maji kwenye gunia?

Prosesa ndiyo ubongo wa tarakilishi, lakini si kila ukokotevu hutokana nayo. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, bonyeza vibonye vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili ufungue Task Manager, kisha uendelee na kazi zako za kila siku. Ikiwa prosesa ndiyo inayokaribia asilimia 100 kila mara, basi hiyo ndiyo kizuizi. Ikiwa ni diski au ramu inayojaa, prosesa mpya haitakufaa.

Diski ya kale inayozunguka husoma takriban megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, ilhali ile ya SSD inayotumia waya wa SATA hufikia takriban 500. Kwa anayeandika barua na kusoma habari kwenye intaneti, SSD pamoja na ramu ya gigabaiti 8 huleta nafuu kubwa zaidi. Vilevile, pangusa vumbi kwenye feni, kwani prosesa ikipata joto jingi hujipunguzia kasi yenyewe.

Ukithibitisha kwamba kosa ni la prosesa, chunguza ubao mkuu. Soketi kufanana si hoja. Bao nyingi zilizoundiwa prosesa za Intel za kizazi cha sita na cha saba zina soketi ya LGA 1151, sawa na zile za kizazi cha nane, ila hazikubali prosesa hizo za baadaye. Mmiliki wake atalazimika kununua ubao pia, na pengine ramu.

Walio na bao za AMD za soketi ya AM4 wana bahati. Nyingi kati ya hizo, hata za mwaka wa 2017, zinaweza kupokea Ryzen za msururu wa 5000, mradi programu ya BIOS isasishwe kabla ya prosesa ya zamani kung'olewa. Soma kwanza orodha ya prosesa zinazokubalika kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao.

Kwa vipakatalishi, shauri limekwisha: katika vingi vya miaka ya hivi karibuni, prosesa imechomelewa kwenye ubao. Nazo tarakilishi za ofisi zinazouzwa zikiwa zimetumika, mara nyingi huwa na kifaa cha umeme chenye uwezo mdogo, kisichostahimili prosesa yenye njaa ya umeme.

Hatimaye, jumlisha bei ya prosesa, feni, ubao na ujira wa fundi. Jumla hiyo ikikaribia bei ya tarakilishi iliyotumika ya kizazi cha nane au zaidi, ni heri ununue hiyo. Ikiwa prosesa pekee ndiyo inayohitajika, na ubao unaikubali, badilisha bila kusita.