Unauza nyumba ya familia? Hati kwanza, rangi baadaye

UKIZUNGUKA mitaa ya Dar es Salaam, iwe Sinza au Mbagala, hukosi kukuta ukuta ulioandikwa kwa herufi kubwa za rangi nyekundu: "Nyumba hii haiuzwi". Wengine huongeza na onyo la kujihadhari na matapeli. Mgeni anaweza kucheka na kuuliza ni nani kasema inauzwa. Mwenyeji anaelewa. Ndani ya nyumba hiyo kuna ndugu wasiosikilizana, au kuna siku dalali alileta mtu kuoneshwa nyumba ambayo mwenyewe hana habari kuwa iko sokoni.

Maandishi hayo yanatosha kumweleza mnunuzi wa siku hizi. Anakuja na fedha ambazo huenda ni kiinua mgongo chote cha utumishi wake, au mkopo atakaoulipa kwa miaka mingi, na jambo analoliogopa kuliko yote ni kuuziwa mgogoro. Ufa wa ukutani unaweza kuzibwa na fundi kwa siku moja. Kesi ya nyumba inaweza kumaliza miaka kumi. Pamoja na hayo, familia nyingi zinapoamua kuuza huanza na ndoo ya rangi na marumaru za sebuleni.

Tuchukue mfano wa familia yenye nyumba ya vyumba vitatu na sebule huko Kimara, iliyojengwa kidogo kidogo tangu miaka ya 1990. Baba amestaafu, watoto wamejitegemea, na wazee wanataka kuuza ili wahamie Kibaha wafuge kuku na kulima mboga. Wametenga Sh6 milioni za kuifanya nyumba ivutie. Fundi wa kwanza kuitwa atawaambia waweke dari ya jipsamu na geti jipya. Huo ni ushauri wa mtu anayetafuta kazi.

Bei ya nyumba hutegemea sana idadi ya watu wanaoweza kuinunua. Nyumba ya Kimara isiyopimwa, yenye karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri wa serikali ya mtaa tu, inaweza kununuliwa na mwenye fedha taslimu peke yake, kwa sababu benki inayotoa mkopo wa nyumba itataka hati miliki na taarifa ya mthamini aliyesajiliwa. Mwenye fedha taslimu anajua kwamba wenzake ni wachache, kwa hiyo hushusha bei bila huruma. Dari ya jipsamu haitamleta mteja wa benki hata mmoja.

Ndiyo maana viwanja vilivyopimwa, kama vile vya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002, huulizwa sana hata pale nyumba iliyojengwa juu yake inapokuwa ya kawaida. Kwa aliyejenga kwenye makazi holela njia ipo, nayo ni urasimishaji: mtaa unapangwa, viwanja vinapimwa, mawe ya mipaka yanawekwa na wenye nyumba wanaomba hati. Leseni ya makazi nayo ni afadhali kuliko karatasi tupu, lakini ni ya muda mfupi na lazima ihuishwe, wakati hati miliki inaweza kufikia miaka 99. Kama mtaa wako umeshapimwa na hati hujaichukua, sehemu ya zile Sh6 milioni ianzie hapo. Jambo hili huchukua muda, hivyo lianze miezi mingi kabla ya kumwita dalali.

Anayenunua pia atauliza madeni. Kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka huwa imesahauliwa katika nyumba nyingi, na inapolimbikizwa miaka kadhaa huzuia uhamisho. Kodi ya jengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, nayo hujilimbikiza kwenye mita isiyonunuliwa umeme, mathalani ile ya chumba cha uani kilichokaa bila mpangaji. Mnunuzi akigundua kwamba umeme wake wa kwanza umemezwa na deni la mwenzake, ataanza kujiuliza ni nini kingine alichofichwa.

Mama ameulizwa?

Hapa ndipo mauzo mengi hukwama. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililo kwenye hati ni la baba peke yake. Mnunuzi makini, au wakili wake, atataka ridhaa hiyo kwa maandishi. Mzee anayemwonesha mgeni nyumba huku mama amejifungia chumbani amenuna, amekwisha kuipunguza bei kwa mamilioni.

Mama akae kwenye mazungumzo tangu siku ya kwanza. Zaidi ya sheria, yeye ndiye anayejua maji ya bomba hutoka saa ngapi, jirani gani ana makelele na bomba lipi huziba. Wanaonunua nyumba ya kuishi hupenda kumsikia yeye kuliko dalali.

Kama mwenye nyumba amefariki dunia, muhtasari wa kikao cha ukoo hautoshi. Kikao hupendekeza jina. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, naye ndiye mwenye mamlaka ya kusaini. Warithi wote waelewane kabla, akiwemo yule anayeishi nje ya nchi na yule mdogo wa mwisho anayeendelea kuishi ndani ya nyumba. Huyo wa mwisho ndiye hushika brashi na kuandika ukutani.

Halafu kuna suala la kodi. Anayeuza nyumba kwa faida hutozwa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania Bara. Nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki mfululizo na kuishi kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi ina nafuu yake pale faida isipozidi Sh15 milioni. Faida hupatikana baada ya kutoa gharama, na gharama huthibitishwa kwa risiti. Wengi waliojenga kidogo kidogo hawana risiti hata moja ya saruji. Kama bado unazo, hata zilizofifia, zitoe nakala sasa na uzihifadhi pamoja na hati.

Maji, njia na mvua

Ukishamaliza karatasi, toka nje usimame barabarani kama mgeni. Gari linafika? Tangu mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kusababisha wakazi wa bonde la Msimbazi kuhamishiwa Mabwepande, mnunuzi wa Dar es Salaam huangalia mteremko wa ardhi kabla ya kuangalia paa. Wakazi wa barabara ya Morogoro wana kumbukumbu nyingine: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kupisha hifadhi ya barabara. Kwa hiyo familia yetu ya mfano itaulizwa kuhusu alama ya X hata kama nyumba yake iko mbali na lami. Ramani ya upimaji inayoonesha mipaka hujibu swali hilo vizuri kuliko kiapo.

Mtaro wa maji ya mvua ni kazi ya vibarua wawili kwa siku chache, nao huvutia kuliko geti la mamilioni. Uchimbwe, utolewe takataka, na maji yaelekezwe kule yanakotakiwa kwenda, yasiende uani kwa jirani. Kama nyumba ina kisima, sema ukweli kuhusu chumvi, maana maji ya visima vingi jijini yana chumvi na mgeni atayaonja. Simtanki lioshwe, mfuniko uwepo, na bomba linalovuja libadilishwe mpira. Bomba linalodondosha matone hugharimu fedha kidogo kulitengeneza, ila mbele ya mnunuzi husema kwamba nyumba nzima haitunzwi.

Ndani ya nyumba

Sasa ndipo fundi aitwe, na aanzie juu. Paa lenye kutu au misumari iliyolegea huacha madoa ya kahawia kwenye dari, na doa moja juu ya kochi huuliza maswali kuliko ufa wa futi nzima. Badilisheni mabati yaliyooza na mzibe matundu ya misumari, kisha ndipo ubao wa dari wenye doa ubadilishwe. Kupaka rangi juu ya doa bila kuziba paa ni kusubiri mvua ikuumbue siku mteja anaporudi na mkewe.

Ukuta wa nyumba za Pwani hulia kutoka chini. Unyevu hupanda kutoka kwenye msingi, huleta unga mweupe wa chumvi na kumenya rangi kwa kimo cha goti. Wauzaji wengi huficha hali hiyo kwa kupaka mstari wa rangi nzito chini ya ukuta, au kwa kusogeza kabati. Anayeijua nyumba ataparura kwa kucha. Ni afadhali lipu iliyoharibika ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, upigwe lipu mpya yenye dawa ya kuzuia maji, na rangi ipakwe mwisho kabisa. Chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Ile ya zambarau aliyoipenda binti yenu inamlazimisha mgeni kuhesabu gharama ya kuifuta.

Jikoni, ukuta wa karibu na jiko la mkaa huwa mweusi kwa masizi. Usuguliwe kwa sabuni kabla ya kupakwa, la sivyo weusi utarudi baada ya wiki chache. Chooni, maji yashuke yanapomwagwa. Karo likiwa limejaa, gari la maji taka liitwe kabla ya siku ya kuonesha. Fremu za milango zibonyezwe kwa kidole kuona kama mchwa wamezila. Mlango unaoburuza sakafuni upigwe randa.

Sebule zetu zina tatizo lake. Seti mbili za makochi, kabati la vyombo, friji, meza na televisheni, vyote katika chumba cha mita nne kwa tano. Mnunuzi hupita kiubavu na kuondoka akiamini sebule ni ndogo. Pelekeni seti moja kwa mtoto aliyejitegemea. Si lazima kuondoa picha za harusi na vyeti vya shule vilivyotundikwa, kama wanavyofanya wauzaji wa nchi nyingine; hapa kwetu picha hizo zinamhakikishia mgeni kwamba hawa wanaomkaribisha ndio wenye nyumba.

Uwani ndiko wasomaji wa kurasa hizi wenye mifugo watakakotakiwa kujikaza. Harufu ya banda la kuku humaliza mazungumzo haraka. Kuku wa mayai huanza kutaga wakiwa na miezi mitano hivi na hutunzwa zaidi ya mwaka mmoja, kwa hiyo familia inayotarajia kuuza nyumba mwaka huu isinunue vifaranga wapya. Uzeni kundi lililopo linapokoma kutaga, mbolea wapewe wakulima wa bustani, banda lipigwe chokaa. Banda kavu lisilo na harufu mteja huliona kuwa ni stoo. Mwembe uachwe, kwani kivuli katika jiji hili ni mali, ila matawi yanayolalia paa yakatwe. Gari bovu lililokaa juu ya mawe tangu enzi hizo liende kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Dalali na cha juu

Dalali anaweza kukuharibia kazi yote hii kwa asubuhi moja. Mkabidhi nyumba dalali mmoja au wawili unaowafahamu, na malipo yao yaandikwe. Nyumba ikishikwa na madalali kumi, kila mmoja ataongeza cha juu chake, na mteja atakayeisikia kwa bei nne tofauti ataamini kuna utapeli. Uthamini uliofanywa na mthamini aliyesajiliwa husaidia hapa, kwani familia huwa inaongeza kwenye bei uchungu wa miaka ishirini ya ujenzi, na uchungu huo mnunuzi hana sababu ya kuulipia.

Makubaliano yafanyike kwa wakili, fedha zipite benki, na mama, baba na mashahidi wasaini wakiwa pamoja. Tarehe ya kuhama iandikwe. Hali kadhalika iandikwe orodha ya vinavyobaki na vinavyoondoka: simtanki, pampu ya kisima, feni za dari, nyavu za madirisha, pazia na fimbo zake. Watu waliokwisha kukubaliana kuhusu makumi ya mamilioni wamewahi kufikishana kwa mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya pampu iliyong'olewa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhiana funguo.