Barua za Mkazi Mmoja wa Nairobi

Tarehe 12 Aprili 2007 askari waliitwa katika mitaa ya Kampala kuzima ghasia. Chanzo chake kilikuwa msitu, kwani serikali ilikusudia kutoa hekta 7,100 za msitu wa Mabira zilimwe miwa. Watu walipoteza maisha siku ile, na kabla ya mwaka kwisha mpango wenyewe ukaachwa. Tangu hapo tumejiuliza mara nyingi mambo ya namna hii huanzia wapi, kabla hayajamfikia askari aliyesimama barabarani na ngao na rungu lake. Kwa jirani zetu wa Kenya kuna kisa kinachojibu swali hilo vizuri, nacho kilianza kwa barua.

Mwaka 1989 ilijulikana kwamba jengo la ghorofa 60 lingesimamishwa ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma iliyo katikati ya Nairobi. Wenye mradi walikuwa chama tawala cha wakati huo, KANU, pamoja na tajiri wa magazeti wa Uingereza, Robert Maxwell. Humo mngekuwa na makao makuu ya chama, ofisi za gazeti lake, maduka, na maegesho ya magari 2,000. Gharama ilikadiriwa kuwa dola milioni 200 za Kimarekani, nyingi zikiwa za kukopwa ng'ambo.

Profesa Wangari Maathai, kiongozi wa Green Belt Movement, hakuanza kwa maandamano. Alikaa akaandika. Aliiandikia Ofisi ya Rais, akawaandikia wakuu wa jiji, mawaziri na mashirika ya Umoja wa Mataifa, na hata Balozi wa Uingereza. Hoja yake ilikuwa nyepesi: bustani ile ni pumziko la watu wasio na ua nyumbani, na hakuna Mwingereza angekubali mnara kama huo ndani ya Hyde Park. Nasi twaongeza kwamba askari polisi aishiye chumba kimoja katika laini na mke na watoto ni miongoni mwa watu hao. Jumapili hana majani mengine ya kukalia.

Tulipokuwa kadeti tulifundishwa kwamba ripoti ya doria haiwi upuuzi kwa sababu tu aliyeileta ni koplo. Huko Nairobi ripoti ilitupwa. Bungeni, Novemba 1989, mwandishi wa barua alikebehiwa, na talaka yake ikageuzwa kuwa hoja. Mahakama Kuu ikaitupa kesi yake. Jumuiya yake ikafukuzwa katika ofisi ilizopewa na serikali, ikahamishia mafaili yake nyumbani kwake. Ni ajabu kwamba katika kelele zote hizo swali la ardhi lenyewe, yaani kwa nini pale na si kwingine, lilibaki bila jibu.

Hatusemi kwamba serikali isijenge. Nchi isiyojenga hulala njaa, na mnara ule ungeliweza kupata kiwanja kingine bila ugomvi. Tunalosema ni kwamba barua isiyojibiwa haipotei. Hupita ofisi moja hadi nyingine, na mwisho wake hukabidhiwa askari aliyewekwa kulinda uzio, ambaye hakuandika mpango wala hakuulizwa. Yeye ndiye atakayetukanwa, na akiinua rungu yeye ndiye atakayekumbukwa.

Lililouangusha mnara wa Nairobi halikuwa nguvu. Wakopeshaji wa nje walianza kuuliza namna nchi yenye madeni itakavyolipa deni jingine la jengo la fahari. Januari 1990 ikatangazwa kwamba jengo litapunguzwa, kisha mambo yakanyamaza. Februari 1992 uzio uliondolewa. Profesa Maathai alitunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki 2011. Mwaka 2019, mpango wa barabara kuu mpya ya Nairobi ulipotaka kumega ukingo wa bustani ile ile, wakazi walilalamika tena. Safari hii wenye mradi waliichora upya ramani.