Pwani ya Tudor: Tuulizeni Wenyeji

Tulipokuwa chuoni, maalimu wetu alikuwa na mizani yake ya kupimia ukweli. Mtoto akichelewa kurudi baada ya adhuhuri, huitwa mbele akanyosha mkono, na maalimu akapitisha ukucha juu ya ngozi. Ukitokea mstari mweupe wa chumvi, hapana hoja tena: mtoto alikuwa pwani. Bakora haikukawia. Nami nakiri mbele ya wasomaji kwamba mstari huo niliupata mara nyingi, na kwamba niliyojifunza majini yamenifaa maishani karibu sawa na niliyojifunza chuoni. Mola anisamehe.

Pwani ninayoisema ni ile ya upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa. Mkono wa bahari huingia penye Bandari ya Kale, ukapita chini ya Daraja la Nyali, ukazunguka Buxton na Tudor, kisha ukaenda zake mpaka Mikindani na Jomvu penye mikoko, unakopokea maji ya mito ya Kombeni na Tsalu. Ramani huuita kwa jina la Tudor. Sisi tuliolelewa kando yake hatukuhitaji jina. Tulisema "twashuka pwani," na kila mtu akafahamu.

Majuzi nilitaka kumwonyesha mjukuu wangu mahali nilipofunzwa kuogelea na marehemu mjomba. Kulikuwa na kichochoro baina ya nyumba mbili, cha upana wa watu wawili wenye makasia mabegani. Nilikikuta kichochoro, lakini mwisho wake pana lango la chuma na bawabu. Aliniuliza kwa adabu nina miadi na nani. Nikamjibu nina miadi na bahari. Alicheka, wala hakufungua. Tulipokuwa twarudi, mtoto akaniuliza, "Babu, pwani hufungwa saa ngapi?"

Mpenzi msomaji, swali hilo halikuniacha nikalala. Asubuhi yake nilitia daftari kwapani nikaenda mtaa kwa mtaa, upande huu wa maji na upande wa pili, nikiwauliza wakaao kando ya mkono huu wa bahari jambo moja tu: wangepewa kalamu wao, wangeichoraje pwani yao?

WAKATI WA KUULIZA

Swali si la burudani. Mwaka 2019 ufuo wa Mama Ngina, ambao wengi wetu bado twauita Laithausi, ulitengenezwa upya, na tarehe 20 Oktoba mwaka huo sherehe za Mashujaa zikafanyiwa hapo. Watu wakaona kwa macho yao kwamba ufuo waweza kutiwa njia za miguu, viti na taa, na familia zikajaa. Mwaka 2022 likafunguliwa daraja jipya la Makupa, na lile tuta la zamani lililoyatenga maji likaondolewa, hata maji ya Tudor na ya Port Reitz yakapeana mikono tena. Tangu hapo kila mtaa wenye maji mbele yake wajiuliza: zamu yetu lini, na ikifika, nani atakayeshika kalamu?

Nilianzia kwa wavuvi. Nilimkuta mzee mmoja dikoni, ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akishona nyavu. Nilipomweleza nilichokijia, aliendelea kushona kwa kitambo, kisha akasema kwamba ameona michoro mingi maishani mwake. Yote ina miti mizuri na watu wanaotembea wameshikana mikono, lakini hajaona hata mmoja wenye mahali pa kupandishia chombo.

Akanihesabia mahitaji ya diko kwa vidole. Kwanza mteremko wa mchanga, si ukuta, ili chombo kivutwe juu wakati wa dhoruba. Pili kivuli cha kukalafatia mbao na kuzipaka deheni, na mahali pa moto wa kuichemshia hiyo deheni. Tatu miti ya kuanikia nyavu. Nne meza safi ya kupimia samaki na maji baridi ya kuwaoshea. "Benchi haianiki nyavu," alisema. Kisha akachora mchangani kwa kidole cha mguu mistari miwili, mmoja wa maji yakipwa na mmoja wa maji yakijaa.

Mstari huo wa pili, alieleza, ndio wengi wasioujua. Mchoraji aliyekuja siku ya maji mafu huona bahari i mbali akadhani imetulia hapo. Lakini mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bamvua huja, na kwetu Mombasa tofauti ya kupwa na kujaa yaweza kukaribia mita 4. Akanitazama nilipokaa. "Mwanangu, hapo ulipo, siku ya bamvua utaketi na pweza." Nikasogea.

TAA AU GIZA?

Vijana niliowakuta karibu na Buxton walitaka mambo matatu: taa, vyoo, na mahali pa kuogelea palipowekwa mtu anayejua kupiga mbizi. Hili la tatu lilinigusa. Sisi tulifunzwa na wajomba na makaka. Watoto wa leo wengi wanakaa hatua mia moja kutoka baharini nao hawajui kuelea, na siku wanapojitupa majini kwa ushindani, hapana mkubwa wa kuwaangalia. Mji wa kisiwani ambao watoto wake hawajui kuogelea, alisema kijana mmoja, ni kama mji wa jangwani ambao watu wake hawajui kisima.

Hapo wazee na vijana waliachana. Mzee mmoja wa barazani, mtu wa heshima zake, alinishikilia kwamba pwani ifungwe ikiadhiniwa magharibi, kwa sababu usiku huwaleta wauza unga, na mtaa umezika vijana wa kutosha. Nilipompelekea kijana maneno hayo, alijibu kwa upole kwamba muuza unga hapendi taa. Apenda giza na mahali pasipopita watu. Mahali penye taa, mama na mtoto, na mzee na kahawa yake, yeye hapawezi. Mimi kwa rika ni wa upande wa mzee, lakini kwa hoja hii kijana alinipata.

Wachuuzi nao wana hofu yao. Muuza mihogo wa kukaanga aliniambia kwamba hapingi kutengenezewa mahali. Anachoogopa ni kwamba siku mawe mapya yatakapotandikwa, yeye ndiye atakuwa uchafu wa kwanza kufagiliwa. Nilimkumbusha ndugu zetu wa Unguja. Bustani ya Forodhani ilipofanyiwa matengenezo na kufunguliwa tena mwaka 2009, wauza chakula hawakufutwa, na hata leo mgeni afikaye Unguja huulizia Forodhani kwa ajili ya chakula chake kuliko kwa ajili ya miti yake. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Na kodi ya meza ni ngapi huko?" Nilikuwa na historia, bei sikuwa nayo.

NILICHOKISAHAU

Siku ya nne nilirudi nyumbani na daftari limejaa, nikajiona nimemaliza. Nilimsomea shangazi yangu niliyoyaandika, maana yeye ndiye aliyenilea na macho yake sasa hayaoni herufi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Wanawake wamehama mji huu?"

Kwa hakika sikuwa nimemwuliza mwanamke hata mmoja. Nilikwenda madikoni, barazani na vijiweni, kote wanakokaa wanaume, nikayaita niliyoyapata maoni ya wakazi. Shangazi hakunikaripia. Alinikumbusha tu kwamba yeye na wenzake walikuwa wakishuka pwani jioni kwa kundi, na buibui zao, wakaketi mawe ya mbali na wanaume, wakapunga upepo, wakatafuna karanga na kusemezana ya ndoa na ya misiba. Hapana aliyewapa mahali hapo, na hapana aliyewanyang'anya kwa neno. Ukuta mmoja ulijengwa hapa, lango likatiwa pale, na wao wakaja wakawa watu wa ndani. "Nyinyi mna baraza," alisema. "Sisi tulikuwa na pwani."

Basi nikaanza upya, safari hii nikiwa na binti yangu. Wanawake walisema mambo ambayo hapana mwanamume aliyeyataja. Mmoja alitaka njia isiyo na ngazi tupu, kwa ajili ya mama yake asiyeweza magoti na kwa kigari cha mtoto. Mwingine alitaka viti vitazamane, si vyote vielekee majini kama vya sinema, kwa kuwa watu hushuka pwani kuzungumza. Walitaka choo safi chenye maji na mlango unaofungika, na mahali pa kusalia. Walitaka upande wa kuketi bila ya kukodolewa macho, lakini usiwe wa kufichwa hata ukaogopesha. Na muuza samaki mmoja, anayenunua dikoni na kukaanga mtaani, aliongeza: vyovyote mtakavyochora, msitenge diko na soko, kwani kila hatua mia mtakazoziongeza, kichwani pangu ndipo zitakapobebwa.

MAJI YENYEWE

Upande wa pili, huko Mikindani, mazungumzo yaligeuka yakawa ya maji yenyewe. Maji machafu ya majumbani hushukia humo, na taka huletwa na mvua. Mikoko imekatwa sana. Ipo mkoko, upo mchu, upo mlilana, na kila mti una kazi yake: kuzuia udongo usiliwe, na kuwalea kamba na samaki wadogo kati ya mizizi. Wapo wakazi wanaopanda upya kwa mikono yao, topeni, bila ya ngoma wala picha. Mmoja wao aliniambia kwamba kujenga bustani kando ya maji machafu ni kuvaa kanzu nyeupe bila ya kuoga. Sina la kuongeza.

Sasa, sheria yasemaje? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, imetaja ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 10 nacho kimeuweka ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kwa hivyo ule mchanga aliouchora mzee kwa kidole cha mguu, baina ya mistari yake miwili, ni wake na wangu na wa mjukuu wangu. Lakini mali ya umma isiyo na njia ya kuifikia ni kama kisima kisicho kamba. Utayaona maji, na kiu itakuua.

Na kushirikishwa nako kuna namna zake. Tangazo likiandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, na mkutano ukaitishwa saa tatu asubuhi wakati mvuvi yuko baharini na mama yuko jikoni, watakaofika ni wale wale, na karatasi ya mahudhurio itajazwa vivyo hivyo. Wakazi niliowauliza wameniambia njia iliyo nyepesi. Mje baada ya alasiri. Mseme Kiswahili. Mje mara mbili, siku ya maji mafu na siku ya bamvua. Mchoro wenu muuweke chini, hapo hapo pwani, ili kila mtu aoneshe kwa kidole: hapa chombo changu hupanda, hapa mamangu huketi, hapa mtoto alizama.

Mji wa Kale umelindwa kwa sheria kama eneo la kuhifadhiwa tangu mwaka 1990, na Ngome ya Yesu ikaingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2011. Twashukuru kwa mawe hayo kutunzwa. Lakini desturi ya kushuka pwani nayo ni urithi, na ikivunjika haiachi kifusi ambacho mtu atakiona akajua kimevunjika.

Ikiwa ni mimi wa kupanga yaliyomo daftarini, nitaanza na njia: kila kichochoro kilichoshuka majini kifunguliwe. Pili diko. Tatu mahali pa kina mama, wakipachagua wao. Nne taa na mwalimu wa kuogelea. Viti, maua na mawe ya rangi ni vizuri, navyo vije baadaye. Kiingilio kisiwepo kabisa, kwani atakayeshindwa kulipa ndiye hasa asiye na bustani kwake.

Mjukuu wangu bado hajui kuogelea. Nimempatia mahali pengine, mbali kidogo, na Jumamosi twaanza. Nikirudi naye nitampitishia ukucha mkononi, si kwa bakora, bali niuone ule mstari mweupe. Kwa wanaoshika kalamu nawaachia beti hizi mbili:

Pwani si ya mwenye nguvu, wala si ya mwenye mali,
Ni ya mwanikaji nyavu, na mama wa kila hali,
Ukuta huzaa kovu, jirani wawe wakali,
Msichore bila sisi, tuulizeni wenyeji.

Maji hujaa yakapwa, hayaingoji ramani,
Wala hatwombi kulipwa, kwa kutaja ya moyoni,
Bali njia ikitupwa, hubaki jina la pwani,
Msichore bila sisi, tuulizeni wenyeji.